Smocha, Mkate Mayai na Aibu ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kuungama. Nilihudhuria hafla moja ya Siku ya Kiswahili Duniani, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021 iwe ikiadhimishwa kila tarehe 7 Julai. Mashairi yalighanwa, hotuba zikatolewa, na kila msemaji alitusihi tuienzi lugha yetu. Wakati wa maakuli ulipowadia tuligawiwa kikaratasi chenye orodha ya vyakula. Orodha yote ilikuwa ya Kiingereza. Mwenzangu, ambaye dakika chache awali alikuwa jukwaani akiwakemea wanaoionea haya lugha yao, alimwagiza mhudumu sandwichi kwa Kiingereza cha kupigiwa mfano. Nami, bila kushurutishwa na yeyote, nikafuata nyayo zake. Tulichopewa ni slesi mbili za mkate mkavu, jibini kidogo na tango lililonyauka.

Jioni hiyo, nikiwa na njaa na majuto kwa pamoja, nilisimama kwenye kigari cha muuzaji kilichoegeshwa nje ya lango la chuo. Niliazimia kulipia kosa langu. Nikasema, "Naomba soseji moja iliyofungiwa ndani ya chapati, pamoja na kachumbari." Waliokuwa foleni waliangua kicheko. Muuzaji akanitazama kwa huruma na kusema, "Kumbe ni smocha unataka! Si useme tu, bosi."

Nimeyatafakari maagizo yale mawili tangu siku hiyo. Katika la kwanza nilikimbilia Kiingereza pasipo sababu. Katika la pili nilijiundia maelezo marefu ilhali neno lilikuwapo, tena fupi na linalofahamika na kila aliyekuwa pale. Kwa maoni yangu makosa hayo ni pande mbili za sarafu moja. Sisi tunaosomea Kiswahili tumejiaminisha kwamba lugha hukaa maktabani na kwenye kamati za istilahi, wala hatudhani kwamba anayetukaangia chapati naye ni mjuzi wa lugha.

Hebu tutazame asili ya neno sandwichi. Limetokana na cheo cha John Montagu, bwana wa Uingereza wa karne ya 18 aliyekuwa Earl wa nne wa Sandwich, mji mdogo ulioko Kent. Husimuliwa kwamba aliagiza nyama iwekwe katikati ya vipande vya mkate ili ale bila kubanduka kwenye meza ya kamari. Iwe kisa hicho ni kweli tupu au kimetiwa chumvi, jina lenyewe halituambii lolote kuhusu chakula. Linatuambia tu ni nani aliyekila.

Sasa linganisha na majina ya mikate katika pwani yetu. Mkate wa kusukuma, jina ambalo wazee wengi wa pwani huitia chapati, hueleza namna donge linavyosukumwa juu ya kibao. Mkate wa kumimina hueleza jinsi rojo la mchele linavyomiminwa chomboni. Mkate wa sinia hutaja chombo, mkate wa mofa hutaja tanuri, na mkate wa ufuta hutaja kiungo. Hakuna jopo la wataalamu lililoketi kuyaunda majina hayo. Yaliundwa na wapishi, na mantiki yake ni bayana: chakula hupewa jina kwa kitendo, kwa chombo au kwa kiungo.

Mantiki hiyo haijafa. Ukifika Mombasa, pitia mitaa ya Mji wa Kale baada ya Magharibi, wauzaji wanapowasha majiko yao kando ya njia. Agiza mkate mayai. Utamwona mpishi akitandaza donge hadi liwe jembamba kama karatasi, aliweke juu ya kikaango bapa, alijaze kima na kitunguu, avunjie yai juu yake, kisha akunje pembe nne na kuugeuza mpaka uwe rangi ya dhahabu. Omba ndimu na pilipili kando, nawe uule ungali moto. Lakini chunga ulimi wako! Ukiitisha mkate wa mayai, huenda ukaletewa keki laini ya mayai, sukari na iliki inayoliwa kwa chai. Ni a-unganifu pekee inayotenga nyama na sukari. Sijapata kuuona mfano bora kuliko huo wa kumfunza mwanafunzi tofauti baina ya nomino ambatani na kirai, na mfano wenyewe unaliwa.

Kule Forodhani, Unguja, ndugu wa mkate huo huuzwa kwa watalii kwa jina la piza ya Zanzibar, ilhali wenyeji wanalo jina mantabali. Chakula cha ukoo huo hujulikana Yemen na nchi za Ghuba kama mutabbaq, neno la Kiarabu lenye maana ya kilichokunjwa. Tazama basi: Waarabu nao walikipa jina kwa kitendo. Kinachonisikitisha ni kwamba kibao cha muuzaji kimeandikwa jina la Waitaliano, na lile la wenyeji limeachwa lijitetee lenyewe.

Turudi Nairobi, kwenye kigari cha langoni. Hapo utapata mayai pasua na smoki pasua: yai la kuchemsha au soseji ya moshi iliyopasuliwa kwa kisu na kushindiliwa kachumbari katika mpasuo. Mwanasintaksia atanuna na kudai kwamba ilipasa kusemwa mayai ya kupasua. Pengine. Lakini msingi wa jina ni ule ule wa mkate wa kusukuma: kitendo cha mpishi ndicho kilichokuwa jina la chakula. Smocha nayo ni smoki na chapati zilizohulutishwa. Ukienda kuinunua, chagua muuzaji anayefunika kachumbari yake na kuipasha chapati mbele yako. Mwambie aongeze dhania na asizidishe pilipili.

Najua watakaonipinga. Watasema smocha ni Sheng, na kwamba jarida la wanafunzi wa Kiswahili halifai kuipigia debe. Nawauliza kwa heshima: je, chamcha na chajio tulivyofunzwa shuleni viliundwaje? Ni kwa kuhulutisha chakula cha mchana na chakula cha jioni. Mbinu ni moja. Tofauti ni kwamba chamcha kililetwa darasani na mwalimu, nayo smocha ikaletwa mtaani na mwenye njaa. Ni ipi kati ya hizo unayoisikia ikitamkwa kila siku bila kulazimishwa? Sisemi kila neno la mtaani litadumu. Mengi yatakufa, na yafe kwa amani. Nasema tu kwamba si haki kulihukumu neno kwa kutazama mavazi ya aliyelizaa.

Wala sina ugomvi na maneno ya kukopa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chapati ilikuja kutoka Bara Hindi, na leo Krismasi ya Wakenya wengi haikamiliki bila hiyo. Waganda walichukua maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, wakayafinyanga hadi yakawa rolex, chakula kilichojizolea sifa Wandegeya, kando ya Chuo Kikuu cha Makerere. Sandwichi pia na ipewe jembe. Iingie katika ngeli ya I-ZI, tuseme sandwichi hii imekauka na sandwichi hizi zimenoga, tuache kuitamka kana kwamba tumeazimwa kwa saa moja.

Hivyo basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, hafla yoyote ya chama chetu isiwe na orodha ya vyakula isiyoandikwa kwa Kiswahili. Pili, wanafunzi wa isimu waende kwa wauzaji wa Mombasa, Nairobi, Kisumu na Busia, wakusanye majina ya vyakula pamoja na maelezo ya wanaovipika, kabla ya kuketi kubuni istilahi mpya. Nao walimu wetu waikubali kazi hiyo kama utafiti kamili, si mzaha wa wenye uchu. Tatu, kila mmoja wetu aagize chakula kwa jina lake, hata pale mhudumu anapoanza kwa Kiingereza. Hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu halihitaji kamati wala fedha. Linahitaji tu kuishinda aibu.

Lugha isiyoweza kumlisha msemaji wake hugeuka vazi la sherehe, huvaliwa tarehe 7 Julai na kurudishwa sandukuni tarehe 8. Mimi nimechoka kulikunjua na kulikunja vazi hilo. Jioni ya leo nitarudi kwenye kile kigari. Nitaagiza smocha kwa jina lake, kisha nitamwomba yule muuzaji anitajie majina mengine anayoyajua. Daftari ninalo.