Fedha za Baada ya Kurudi

Kila mwaka Burundi huwaaga vijana wake wanaokwenda kusoma Ubelgiji, Ujerumani, Marekani, China na kwingineko, na kila mwaka huwapokea wengine waliokwisha kuhitimu uzamivu. Habari za kuondoka huandikwa, picha za uwanja wa ndege husambazwa. Yanayomkuta msomi huyo miaka mitano baada ya kurudi hayana mwandishi, na ndiyo tuliyoyatengea toleo hili.

Msimamo wetu ni kwamba udhamini wa masomo ukiishia kwenye shahada umeishia njiani. Mfadhili aliyetumia miaka minne kumsomesha mtu anapaswa kutenga sehemu ndogo ya fedha hizo kwa ajili ya idara anayorudi kufundisha, ili urafiki wake na maabara ya ugenini uwe wa idara nzima. Wapo waliolielewa hili zamani. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani una ruzuku ya kuunganisha idara ya mtafiti aliyewahi kuwa mgeni wake na idara ya Ujerumani, kwa hadi miaka 3. Shirika la Carnegie la Marekani, kuanzia mwaka 2013, limewalipia wasomi wa Kiafrika walioko Marekani na Kanada waje kufanya kazi kwa muda katika vyuo vya Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda. Sisi hatumo. Benki ya Dunia ilipofungua vituo 24 vya umahiri mwaka 2016, katika nchi 8 za Mashariki na Kusini mwa Afrika, hatukuwamo vilevile.

Kukosekana huko kuna sababu zake, na nyingine ni za kwetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964 kikiitwa chuo kikuu rasmi cha Bujumbura, kilipoteza walimu na wanafunzi katika mauaji ya 1972, kikaona damu ndani ya kampasi ya Mutanga mwaka 1995, kisha mgogoro wa kisiasa wa 2015 ukaja. Ubelgiji ikasitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, Umoja wa Ulaya ukafuata Machi 2016, na vikwazo vya Umoja huo havikuondolewa hadi Februari 2022. Katika miaka ya namna hiyo hati za makubaliano zilizotiwa saini na wakuu wa vyuo mbele ya kamera hulala kabatini. Kinachoendelea kupumua ni mwalimu wa hapa na msimamizi wake wa zamani wa tasnifu, wakiandikiana juu ya makala ambayo bado haijakamilika. Kwa hiyo anayedhani ushirikiano wa mtu na mtu ni mdogo mno kuwekewa fedha hajaishi Bujumbura.

Mfano wa fedha zinazoishia njiani, na wa zisizoishia, tunao hapa Ziwa Tanganyika. Kuanzia 1998, kwa takribani muongo mmoja, Chuo Kikuu cha Arizona chini ya Andrew Cohen, mtaalamu wa jiolojia ya maziwa, kiliendesha mafunzo ya utafiti mjini Kigoma yaliyojulikana kama Nyanza Project. Wanafunzi wa Kimarekani na wa nchi zinazolizunguka Tanganyika walifundishwa pamoja kuchota maji, kutoa tope la chini na kuchunguza samaki na konokono, kila mmoja na swali lake la kujibu. Zilikuwa fedha za mafunzo, na mafunzo yakatolewa. Sasa tazama mradi mwingine wa ziwa hilihili, ule wa bioanuwai wa 1995 hadi 2000. Huo uliwakutanisha wataalamu wa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na kazi yao ikazaa mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na mamlaka ya ziwa ambayo ofisi zake ziko hapa Bujumbura. Wataalamu hawa na wanafunzi wale ni watu wa maji yaleyale. Tofauti ni kwamba wataalamu walipewa pa kukutania baada ya mradi kwisha.

Urafiki, hata hivyo, hustaafu. Profesa wa Leuven, Ubelgiji, akifikisha umri, na mwenzake wa Mutanga naye akifikisha, maabara hurudi ilipokuwa. Ruzuku yoyote ya kuendeleza ushirikiano ingepaswa kukataa ombi lisilo na msaidizi kijana kila upande, mwenye jina lake kwenye karatasi na posho yake kwenye bajeti.

Halafu kuna mambo ya sarafu, ambayo wafadhili huyasikia kama visingizio. Mwaka 2024 dola moja mtaani iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya Benki ya Jamhuri ya Burundi. Ruzuku ikibadilishwa kwa bei rasmi, huku kemikali za maabara na mafuta ya jenereta (yakipatikana) yakinunuliwa kwa bei ya mtaani, zaidi ya nusu ya mradi imekwenda kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa. Mhasibu wa Ulaya anaona hesabu zisizolingana na kuandika barua kali. Dawa yake si ngumu: vifaa vilipiwe hukohuko na kusafirishwa, na kiasi kinachobaki ndicho kiingie Burundi.

Jingine ni saini. Ruzuku nyingi za Ulaya humtaka mwalimu wa chuo cha Ulaya awe mwombaji mkuu, kwa hiyo swali la utafiti huzaliwa huko na sisi huitwa kuchota maji. Aliyesomeshwa hadi uzamivu kwa fedha zao hawezi kuwa hafai kushika kalamu ya kwanza.

Tunaongeza ombi moja kuhusu majirani. Uvira, upande wa Kongo, kuna kituo cha utafiti wa viumbe wa majini, na mpaka wa Gatumba ukiwa wazi hakuna hata mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Kigoma ipo taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania. Bado ni rahisi zaidi kupata tiketi ya ndege ya Brussels kwa fedha za mradi kuliko nauli ya basi ya kwenda Uvira, kwa kuwa fomu ina nafasi ya mshirika wa kaskazini na haina ya jirani. Wanaoandika fomu za mwaka ujao waiongeze nafasi hiyo.