Mama, Ratiba Yako Ina Walimu Wangapi?



Wazazi watatu mnaosomesha watoto nyumbani mmenitumia ratiba zenu niziombee. Nimeziombea. Pia nimezisoma, na maoni yangu ni haya, hata kama hayatampendeza kila mtu: ratiba yenye safu nne, kila mtoto na masomo yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, ni mzigo ambao Bwana hajakuagiza uubebe.

Hebu tuhesabu pamoja. Una mtoto wa PP2, wa Gredi ya 3, wa Gredi ya 5 na wa Gredi ya 8. Shuleni, kipindi cha Gredi ya 3 ni dakika 30, cha Gredi ya 5 ni dakika 35, na cha sekondari msingi ni dakika 40. Kila darasa huko lina mwalimu wake. Wewe ni mmoja, maharagwe yako jikoni, na mteja wa nguo anabisha mlango. Ukifuata kengele zote hizo kwa wakati mmoja, kufikia saa nne utakuwa umeshamfokea mtoto ambaye kosa lake ni kuuliza swali. Na hata ninyi ambao watoto wenu wako shule mnaijua hali hii. Shule zilipofungwa Machi 2020, na madarasa mengi yakakaa nyumbani hadi Januari 2021, kila nyumba hapa Free Area iliionja.

Soma Kutoka 18. Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, nao wamesimama wakimngoja. Yethro mkwewe hakumwambia afunge na kuomba zaidi. Alimwambia namna hiyo itamchosha yeye na watu walio naye. Sisi wahubiri hukazia uchovu wa Musa, tukasahau wale waliosimama foleni. Mtoto anayekungoja nusu saa umalize na mwenzake naye anachoka, na akichoka anaanza kuchukia kitabu.

Tena kuna Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, mama yao John na Charles. Alizaa watoto 19, wakakua 10, na miaka ya mwanzo ya 1700 aliwafundisha nyumbani. Masomo yalianza saa tatu hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi na moja. Saa kumi na moja ikifika, mtoto mkubwa aliketi na mdogo kabisa anayejua kusema, wa pili akaketi na anayefuata, wakawasomea Zaburi na Agano Jipya. Na jioni za juma aliwagawia watoto, azungumze na kila mmoja peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles. John akiwa mtu mzima, mwalimu huko Oxford, bado alimwandikia mamake barua akiikumbuka ile Alhamisi.

Kwa hiyo chukua yale masomo yanayoweza kuliwa kwenye sinia moja, uyaweke pamoja. Neno la Mungu, hadithi, mazingira, nyimbo, kilimo cha sukumawiki nyuma ya nyumba: hayo hayahitaji safu nne. Hyrax Hill haiko mbali nasi. Wapeleke. Wa PP2 ahesabu mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, wa Gredi ya 3 apime njia kwa hatua, wa Gredi ya 5 achore, wa Gredi ya 8 aandike insha juu ya Mary Leakey aliyechimba pale mwaka 1937. Mmetoka mara moja, na kila mtoto amepata somo la kiasi chake.

Hesabu na kusoma ndiyo hayachanganyiki. Hapo anza na mdogo, asubuhi akili ikiwa bado mbichi, dakika 20 tu, huku wakubwa wakifanya hesabu ulizowaandikia jana usiku. Akimaliza, mwache acheze. Wa PP2 anaweza kumaliza masomo yake saa tano, na hakuna dhambi hapo. Ndipo uketi na wa Gredi ya 8, ambaye aljebra yake inataka utulivu.

Lakini msinielewe vibaya kuhusu mkubwa kumsomea mdogo. Nusu saa jioni ni baraka. Asubuhi nzima ni wizi. Naona nyumba ambazo binti wa kwanza ndiye mwalimu, mpishi na yaya, na KJSEA inamngoja mwaka ujao. Mnasema ana moyo wa utumishi. Muulizeni yeye, mama akiwa hayupo karibu, aseme mara ya mwisho alisoma kitabu chake mwenyewe lini.

(Wenye maswali ya sheria, na yapo, isomeni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na muulize ofisi ya elimu kabla ya kumtoa mtoto shuleni. Leo nasema na walioko tayari kazini.)

Sasa akina baba. Katika ratiba zote tatu sikuona jina la baba hata mara moja. Kumbukumbu la Torati 6 inataja kufundisha ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Hayo mengi yako nje ya saa za kazi. Wewe unayeshuka matatu hapa saa kumi na mbili jioni, mkeo amekuwa na watoto tangu alfajiri. Chukua mtoto mmoja kila jioni, dakika 20, simu ikiwa mbali. Msikilize akisoma. Huhitaji kujua aljebra.

Jumapili baada ya ibada nitasimama pale mlangoni, na kila baba nitakayemsalimu nitamuuliza Alhamisi yake ni ya mtoto yupi.