Kukua kwa Wimbo Mmoja: Kipande Kilichorukwa katika The Lion King

Tangu The Lion King ya kampuni ya Walt Disney ilipotoka mwaka 1994, chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff, lawama iliyozoeleka dhidi yake ni kwamba kisa chake kimechakaa: mwana wa mfalme afiwa na babake, afukuzwa na ami yake, akulia ugenini, kisha arejea kudai kiti. Hamlet hutajwa, na mhakiki akafunga daftari. Lawama hii ni ya kivivu, na inapotolewa na wasomi waliolelewa katika fasihi simulizi inashangaza zaidi. Mtoto haikatai ngano kwa kuwa aliisikia jana. Huitaka ile ile, na humkosoa nyanya akiruka kipande. Kipimo, basi, si upya wa kisa bali ni kile kilichorukwa. Nayo filamu hii imekiruka kile hasa kinachoipa haki ya kuitwa hadithi ya makuzi.

Itazamwe sehemu ya gogo. Simba mdogo, aliyeaminishwa na Scar kwamba ndiye aliyesababisha kifo cha Mufasa, anaokolewa na Timon na Pumbaa. Wimbo wa "Hakuna Matata" unaanza, watatu hao wanalivuka gogo wakitikisa vichwa, na kufikia mwisho wake Simba ni dume lenye manyoya tele shingoni. Miaka yote ya balehe imekwisha kabla wimbo haujakwisha. Watetezi huiita mbinu hii ufupisho, na ni kweli kwamba sanaa haina budi kufupisha. Lakini mtunzi anayefupisha safari hutuonyesha msafiri aliyebadilika. Simba anayeshuka gogoni ni yule yule aliyelipanda, ila umbo na sauti: bado anauamini uongo ule, bado anaukimbia. Hata Rafiki, aliyepewa nafasi ya kungwi, anafika mwari akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya somo lake ni bakora ya kichwa. Katika jando vijana walitengwa kumbini na kufunzwa kwa siku nyingi. Kungwi wa filamu hii ana usiku mmoja.

Watetezi wanayo hoja moja nzito. Juu ya jabali, kabla ukweli haujafichuka, Simba anakiri mbele ya majike wote kwamba kifo cha babake ni lawama yake. Hapo, kwa dakika moja, pana mtu mzima. Filamu inashindwa kuivumilia dakika hiyo. Punde si punde Scar anamnong'oneza kwamba yeye ndiye muuaji, na hatia ambayo ingemkomaza Simba inageuka kuwa haikuwa yake kamwe. Kinachoshinda ni nasaba.

Wasomi wa Kiswahili, kwa upande wao, wameelekea kushughulishwa na majina, wakifurahia kumsikia Rafiki na kuudhika kwa fisi kuitwa Shenzi, bila kuuliza kama mwenye jina kuu alijifunza lolote.

Aliyekua ni Nala. Yeye alibaki chini ya utawala wa Scar, wanyama wa kuwindwa wakihama, Sarabi akipigwa kwa kumlinganisha mtawala huyo na Mufasa. Ndiye anayetoka kutafuta msaada, na wanapokutana anambwaga Simba chini kama walipokuwa watoto. Miaka yake ya njaa inaelezwa kwa sentensi chache za mazungumzo. Toleo la Jon Favreau la 2019, refu zaidi kwa takriban nusu saa, lilimwongezea onyesho la kutoroka usiku, kana kwamba kuna aliyeliona pengo. Ujana wa Simba ukaachwa upite ndani ya wimbo ule ule.

Mwishoni mwa filamu ya 1994 mvua imekwisha kunyesha, nyasi zimeota, na Rafiki anamwinua mtoto mchanga juu ya jabali kama alivyomwinua babake. Nala amesimama kando ya mumewe, kimya.