Mdomo Wangu Kilo Ngapi?

Mimi ni mtoto wa Newala, nimeishia kidato cha nne, na nina riwaya chini ya godoro. Diploma sina. Lakini nina hesabu, msomaji mwenzangu, na hesabu haidai cheti.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Ukitaka blogu au televisheni ya mtandaoni, uwalipe TCRA shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Jumla 2,100,000. Mwaka huohuo Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kilo. Haya, gawanya. Kilo 636! Magunia manane ya kilo 80. Yaani mzee apalilie, apulizie salfa, aokote, abebe mpaka ghalani, ili mwanawe afungue mdomo tu. Na asiyelipa? Faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili.

Mei 2018 watetezi wa haki na wanahabari walikwenda Mahakama Kuu, tena si Dar, ni hapahapa kwetu Mtwara. Zuio la muda likatolewa. Mwezi haujaisha, likaondoka. Kanuni zikaandikwa upya 2020, na ada ikaja kupunguzwa. Wakubwa wanasema basi, kelele za nini tena? Nasema kizingiti kikishushwa bado ni kizingiti, na sisi bado tunajikwaa.

Mwaka jana mimi na jamaa zangu wawili wa Masasi tulimrekodi bibi yangu kwa simu, yeye na ndoo yake, maana huku juu uwandani maji ni vita ya kila siku. Kazi ikatoka safi. Tulipotaka kuirusha, mwenye simu akauliza, "Oya, leseni tunayo?" Kimya. Tukafuta. Hakuna aliyetukataza, jamani. Tulijikataza wenyewe. Hiyo ndiyo hasara isiyoandikwa kwenye kanuni yoyote.

Ati bila leseni mtandao utajaa uongo na matusi. Vipo, sikatai. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Aliyetukana ashitakiwe kwa tusi lake. Leseni haimchuji mwongo, inamchuja maskini. Mwongo mwenye hela anapita mchana kweupe, anatuletea nani kaachana na nani, na ndoo ya bibi inabaki gizani.

Anayefanya biashara alipe, sawa. Asiyepata hata senti aachwe aseme bure, akikosea ajibu mahakamani.

Na wewe mwandishi chipukizi, usingoje ruhusa ndiyo uanze. Video ile haipo tena. Lakini kalamu haijawekewa ada. Bibi na ndoo yake sasa ni sura ya saba.