Nyumba moja haina bei mbili



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Msimu mmoja wa korosho niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja hapa Mnyambe niwe shahidi wa mauzo. Mzee huyo alikuwa na nyumba mjini Newala, aliyoijenga kwa fedha za korosho na kuipangisha kwa walimu na wauguzi. Mnunuzi alikwishafika, na dalali pia. Mkekani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza iliandikwa shilingi milioni 40, nayo ilikuwa ya kubaki baina yao. Ya pili iliandikwa shilingi milioni 25, nayo ilikuwa ya kupelekwa serikalini. Nikaombwa nitie saini zote mbili.

Nikasema, "Mzee wangu, nyumba ni moja. Nishuhudie bei ipi?" Dalali akacheka, akasema, "Shekhe, ndivyo wafanyavyo watu wote." Nikaaga, nikaondoka.

Ndugu Waislamu, jambo hili limekuwa la kawaida, na wengi hulifanya kwa kuogopa sheria wasiyoijua. Basi tuijue kwanza.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mkaazi wa Tanzania Bara asilimia 10 ya faida aliyoipata kwa kuuza nyumba au kiwanja. Kodi hii si ya bei nzima. Huchukuliwa bei ya kuuzia, ikatolewa gharama ya kununulia kiwanja, ya kujengea na ya kuiendeleza nyumba. Kinachobaki ndicho faida. Kodi hiyo hulipwa kabla ya umiliki kuhamishwa, kwani msajili wa hati hasajili uhamisho bila ya uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato.

Sheria hiyo imeisamehe nyumba ambayo mtu ameimiliki kwa miaka 3 au zaidi na yeye mwenyewe ameishi humo kwa jumla ya miaka 3, madhali faida yake haizidi shilingi milioni 15. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyumba ya kupangisha ambayo mwenyewe hakupata kuishi humo haimo katika msamaha huo. Wala asidhani mtu kwamba kwa kuwa amelipia mapato ya pango kila mwaka, basi amemaliza. Kodi ya pango ni jambo moja, na kodi ya faida ya kuuza ni jambo jingine.

Je, asiye na kumbukumbu za gharama zake? Tangu mwaka 2023 sheria imemwekea njia: hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia, au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kuangalia iliyo kubwa. Kwa hiyo hata huo ujanja wa kuandika bei ndogo waweza usimfae mwenyewe, kwani thamani iliyoidhinishwa ikiwa kubwa kuliko bei iliyoandikwa, hiyo ndiyo hufuatwa.

Turudi kwa mzee wetu. Usiku, baada ya sala ya Isha, alinijia na bahasha kuukuu. Ndani mlikuwamo mkataba wa kiwanja, risiti za saruji na mabati, na malipo ya fundi aliyechimba kisima cha kuvunia maji ya mvua, maana juu huku kwetu nyumba isiyo na kisima haipati mpangaji. Tulijumlisha mpaka ikafika milioni 34. Faida yake ilikuwa milioni 6, na kodi yake shilingi 600,000. Kwa ile karatasi ya uongo, kama angedai hana kumbukumbu, angelipa asilimia 3 ya milioni 25, yaani shilingi 750,000. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nilitaka kununua dhambi kwa bei ya juu."

Lakini tusidanganyane kwamba kila mara ukweli huwa na nafuu ya fedha. Mwenye nyumba iliyomgharimu milioni 10 akaiuza kwa milioni 40 hudaiwa shilingi milioni 3. Huyo akizificha risiti zake atalipa 1,200,000 tu. Njia ya asilimia 3 imewekwa kwa asiye na kumbukumbu, haikuwekwa kwa aliyezichoma. Hapo ndipo imani ya mtu inapopimwa.

Na anayedhulumiwa si serikali pekee. Mtazameni mnunuzi. Akija kuiuza nyumba ile kwa milioni 45, faida yake ya kweli ni milioni 5, na kodi yake 500,000. Lakini mkataba wake unasema alinunua kwa milioni 25. Atahesabiwa faida ya milioni 20 na kudaiwa milioni 2. Mzigo wa muuzaji umehamia mgongoni mwake. Na ikiwa mauzo yatabatilishwa mahakamani, atadai milioni 40 kwa karatasi ipi? Akifa, warithi wake watashika lipi?

Katika aya ya 282 ya Suratul Baqara tumeamrishwa kuandika madeni kwa uadilifu na kuweka mashahidi tunapouziana. Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Shahidi anayetia saini bei asiyoiamini ameshiriki katika uongo huo.

Nawausia wenye nyumba za kupangisha, Newala, Masasi na kwingineko: wekeni risiti tangu tofali la kwanza, na waonyesheni wake na watoto wenu zilipo. Nendeni mkaulize Mamlaka ya Mapato kabla ya kupatana bei, si baada ya kupokea fedha. Nanyi maimamu na wazee tunaoitwa kushuhudia, tuisome karatasi kabla ya kushika kalamu. Zikiwa mbili, tusimame tuondoke.

Wabillahi tawfiq.