Kampuni Ije kwa Jina Lipi?



Katika parokia mojawapo niliyopata kuitumikia, wafanyakazi wa machimbo ya mawe waliishitaki kampuni kwa kutolipwa mishahara ya miezi saba, nao wakashinda. Dalali wa mahakama alipokwenda kukamata mali, alikuta meza mbili na gari lisilo na injini. Mitambo yote ilikuwa ya kukodi. Wakaiandikia barua kampuni kubwa ya ng'ambo, ambayo nembo yake ilichorwa langoni. Jibu likaja kwa lugha ya upole: sisi ni wenye hisa tu, mdaiwa wenu ni kampuni nyingine.

Kisheria, jibu hilo halikuwa uongo. Ndiyo maana yafaa tulielewe.

Kampuni inayotaka kupanua shughuli zake hadi nchi ya pili yaweza kumtumia wakala, au kuingia ubia na wenyeji. Lakini njia zilizo kuu ni mbili. Ya kwanza ni kufungua tawi. Mbele ya sheria tawi ni mkono wa kampuni ile ile, na deni la tawi ni deni la kampuni nzima. Hapa Tanzania, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 huitaka kampuni ya nje inayofungua mahali pa biashara nchini ijiandikishe kwa Msajili, na iwataje watu wakaao nchini watakaopokea hati za mahakama kwa niaba yake. Njia ya pili ni kuunda kampuni tanzu. Hiyo ni nafsi mpya ya kisheria, yenye jina lake, mali yake na madeni yake. Kampuni mama hubaki mwenye hisa, na kwa kawaida hasara yake huishia kwenye thamani ya hisa hizo. Kanuni hii ni ya zamani: Baraza la Malodi la Uingereza liliithibitisha mwaka 1897, katika shauri la mtengenezaji viatu aliyeitwa Salomon.

Kanisa halilaani ukuta huo. Mwalimu mstaafu aliyenunua hisa chache za benki hastahili kunyang'anywa nyumba yake benki ikifilisika. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali kwamba faida ina nafasi yake halali katika shughuli za kampuni, ila akakataa kwamba iwe kipimo pekee. Lakini kumlinda mwenye hisa asiyeamua lolote ni jambo moja. Kumficha atoaye amri na kupokea faida ni jambo lingine. Pilato naye alikuwa na mamlaka yote mkononi, kisha akaomba maji anawe.

Tutazame yaliyotokea kwa jirani zetu. Mwaka 2015 wanavijiji wa eneo la Chingola, nchini Zambia, walifungua shauri London wakidai kwamba maji machafu ya mgodi wa shaba wa Nchanga yameharibu mito wanayoitegemea. Mgodi uliendeshwa na Konkola Copper Mines, kampuni ya Zambia. Kampuni mama ilikuwa Vedanta Resources ya Uingereza. Hizo mbili zikapinga kushitakiwa huko. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wadai hao 1,826 waweza kuendelea. Majaji hawakuubomoa ukuta wa mwaka 1897. Walisema kwamba kuwa na hisa peke yake hakuleti wajibu. Lakini kampuni mama ikishika usukani, ikisimamia na kuelekeza utunzaji wa mazingira mgodini, yaweza kuwa na wajibu wake yenyewe kwa majirani wa mgodi. Januari 2021 pande zote zilipatana, bila kampuni kukiri kosa.

Angalieni miaka hiyo. Karibu minne ilikwisha katika kubishania mlango tu: nani ashitakiwe, na wapi. Ni vijiji vingapi vyenye wanasheria wa kuvumilia hivyo?

Wako watakaosema kwamba tukiuliza maswali mengi, wawekezaji watakimbia. Mwekezaji mwenye nia njema huulizwa maswali makali zaidi na benki yake, wala hakimbii. Anayelikimbia swali la nani atalipa, heri akimbie kabla ya kupewa ardhi.

Wala tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Baadhi yetu tunafanya biashara ng'ambo ya Tunduma na Kasumulu. Yuko anayefungua duka huko kwa jina la shemeji, faida ikarudi nyumbani kila mwezi. Siku ya deni la kodi, shemeji ndiye anayeitwa polisi. Dhambi ni ile ile, ingawa mtaji ni mdogo.

Basi, Halmashauri za Walei na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kijiji kinapoombwa ardhi, simameni katika mkutano mkuu na kuuliza mambo matatu. Kwanza, hati ya usajili inataja jina gani, na je, ni tawi au ni kampuni tanzu? Pili, kampuni hiyo ina mtaji gani wake yenyewe, na mitambo ni ya nani? Tatu, ikiwa ni tanzu, je, kampuni mama itatia sahihi dhamana ya maandishi kwa ajili ya mishahara, fidia na kurekebisha ardhi shughuli zikiisha? Ahadi ya mdomo ya mgeni aliyevaa kofia yenye nembo haikamatiki mahakamani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wale wafanyakazi wa machimbo hawajalipwa hadi leo. Hukumu yao wanayo; imefungwa katika mfuko wa nailoni, ikiwa halali kabisa, na haina wa kuilipa.