Neno la siri moja, wahudumu sita

Tuchukue mfano wa kituo cha afya cha shehia hapa Pemba: kompyuta moja, wahudumu sita. Asubuhi wa kwanza kufika anaifungua kwa jina lake, na hadi jioni haifungwi. Mjamzito anapimwa presha, mtoto anaandikiwa dawa ya malaria, majibu ya VVU yanaingizwa, na yote yanasomeka kuwa kazi ya mtu mmoja ambaye pengine saa sita alishakwenda kula.

Siwalaumu. Foleni ipo nje, umeme umeshakatika, na kuingia upya kila mara kunakula muda wa mgonjwa. Ndiyo maana watu wanaazimana neno la siri kama wanavyoazimana kalamu. Lakini mtoto akiandikiwa dozi mara mbili, nani aulizwe? Aliyetajwa hakuandika, na aliyeandika hajulikani. Asiye na kosa atabeba lawama, na kosa litarudiwa kwa sababu aliyelifanya hataambiwa.

Zito zaidi ni siri. Kisiwa hiki watu wanajuana, kutoka Wete hadi Mkoani. Huulizwi jina, unaulizwa mtoto wa nani. Majibu ya VVU au ya mimba yakichungulia nje ya faili, yanafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mgonjwa akihofia hilo ataacha dawa, au atapanda boti kuzifuata Unguja.

Na kumbukumbu zinaongezeka. Mpango wa Jamii ni Afya umeziingiza taarifa za familia katika simu za wahudumu wa kujitolea. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya 2023, nao hauwezi kulipia matibabu bila kujua nani katibiwa na nani kamtibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya ni mojawapo. Kwa hiyo kinga lazima ianzie Wizara ya Afya yetu na vituoni kwenyewe.

Uzembe huu si wetu peke yetu. Mwaka 2018 hospitali ya Barreiro, Ureno, ilitozwa faini ya euro 400,000. Mfumo wake ulikuwa na akaunti 985 za madaktari, na madaktari wenyewe walikuwa 296.

Kila mhudumu apewe akaunti yake, kwa kiwango cha kazi yake: wa mapokezi hahitaji kuona majibu ya maabara. Skrini ijifunge baada ya dakika chache na ifunguliwe kwa namba fupi, la sivyo watu watarudi kuazimana. Anayehamishwa, akaunti yake ifungwe siku anayokabidhi funguo. Kwa dharura ya usiku iwepo akaunti ya akiba, neno lake la siri likae ndani ya bahasha iliyofungwa kwa daktari dhamana, na atakayeifungua aandike jina na saa daftarini.